Kompyuta za Umma Zataka Mlezi

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za awali kutoleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo ilikwisha zamani. Kosa letu leo ni kuzinunua kisha kuzitelekeza.

Katika ofisi na shule nyingi, tangu Mbagala hadi Bunju, kompyuta ikiwaka huhesabiwa kuwa ni nzima. Kila mtumishi huingia kwa akaunti ya msimamizi, ile yenye mamlaka ya kubadili kila kitu, na neno la siri limebandikwa ukutani. Mwalimu hutoka steshenari na flashi, akaichomeka palipo na alama za wanafunzi wote. Virusi vilivyomo navyo hupata mamlaka yale yale.

Hatari hiyo sasa imezidi. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Wako wanaoshauri zitupwe. Huo ni ubadhirifu wa mali ya umma! Mfumo wa Linux hupatikana bila malipo, na nyingi kati ya mashine hizo zitaumudu. Wala programu huria si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Ndugu mkuu wa shule, anza Jumatatu. Akaunti ya msimamizi na ishikwe na mtu mmoja anayejulikana. Wengine wapewe akaunti za kazi tu. Nakala ya alama iwekwe katika diski ya pembeni, nayo ifungiwe kabatini, isiachwe imechomekwa.