Risala ya Wazazi na Walezi wa Kata ya Mbuji Kuhusu Masomo Wanayofundishwa Watoto Wetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Mbinga;
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya;
Ndugu Afisa Elimu Sekondari;
Mheshimiwa Diwani na watendaji wote wa kata na vijiji;
Walimu wetu, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana:

 Tunakushukuru, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kwa kukubali kupanda milima hii ili utusikilize. 

Hatukuja na lawama mikononi. Tunajua tulikotoka. Kabla ya sekondari za kata, wengi wetu tuliishia darasa la saba, na aliyeendelea alikuwa amebahatika. Tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na leo binti wa mjane anakaa dawati moja na mtoto wa mtendaji. Kwa hiyo hatulalamiki kwamba hatuna shule. Tunauliza kinachotangulizwa ndani ya shule hizo kwa watoto wa miaka 13 hadi 16, umri ambao mtoto anaanza kujijua anaweza nini. Tulivyoona sisi, masomo ya mtoto huyu hayachaguliwi na kipaji chake, wala na mahitaji ya mahali anapoishi. Yanachaguliwa na upungufu: mwalimu aliyepo, kitabu kilichopo, na mtihani unaokuja.

Kwa heshima na taadhima tunaomba kueleza kero zetu, kila moja na ombi lake.

1. Wazazi hatushirikishwi pale mtoto anapogawiwa masomo. Akishamaliza upimaji wa kidato cha pili, mwanafunzi hurudi Januari akakuta jina lake limebandikwa: huyu sayansi, huyu sanaa. Sisi tunapata habari jioni, mtoto akishika daftari jipya. Mara nyingi kigezo ni alama za Hisabati peke yake. Kijana anayeipenda Baiolojia kiasi cha kuchora mizizi na majani kwenye karatasi za unga anaondolewa, kwa kuwa hesabu zilimshinda mwaka mmoja ambao hata mwalimu wa hesabu hakuwepo. Na wale wa sanaa wanaambiwa, tena mbele za wenzao, kwamba wameshindwa. Historia, Kiswahili na Jiografia hayakuwekwa kuwa jalala la walioshindwa. Nchi hii imeongozwa na watu waliosoma masomo ya sanaa. Rais wa Awamu ya Tatu, Mzee Benjamin Mkapa, aliyesoma Kigonsera hapa hapa kwetu, alisoma Kiingereza pale Makerere.

Tunaomba: kabla mtoto hajapangiwa masomo ya kidato cha tatu, kifanyike kikao cha mwalimu wa darasa, mzazi au mlezi, na mwanafunzi mwenyewe, matokeo yake ya miaka yote miwili yatazamwe, na mzazi atie saini akiwa ameelewa.

2. Sayansi inafundishwa ubaoni. Rais wa Awamu ya Nne alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tulichanga. Tulisomba mchanga na kufyatua tofali, na kina mama walibeba maji kichwani kutoka mabondeni. Hatujutii jasho hilo. Lakini jengo bila mwalimu, bila kemikali na bila vifaa ni ukumbi wa kufanyia mikutano. Watoto wanakariri rangi ya mmenyuko ambao hawajawahi kuuona.

Tunaomba: katika mgao wa walimu wa Fizikia, Kemia na Hisabati, shule za milimani zitangulizwe, na mwalimu anayepangiwa huku apatiwe nyumba ili asihame kabla ya mwaka kwisha. Nguvu kazi ya nyumba hiyo tunaitoa sisi.

3. Kiingereza na Hisabati. Mtoto wetu anazungumza Kimatengo nyumbani, anasoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza anakuta kila somo ni kwa Kiingereza isipokuwa machache. Wiki chache za kozi ya awali hazitoshi. Matokeo yake anaonekana hajui Jiografia, kumbe hajui swali linasema nini. Kuhusu Hisabati, taifa zima linajua kwamba kila mwaka watahiniwa wengi wa kidato cha nne hushindwa somo hili, na mzizi wa kushindwa huko upo kwenye vidato hivi viwili vya mwanzo. Hata hivyo, walimu wenye uzoefu hupewa madarasa ya mtihani, na wanaoanza sekondari huachiwa yeyote aliyebaki.

Tunaomba: mwalimu hodari kuliko wote wa Hisabati na wa Kiingereza afundishe kidato cha kwanza. Aidha, muhula wa kwanza uwe wa kujenga lugha kwa utaratibu, na mwalimu asizuiwe kufafanua kwa Kiswahili pale mtoto anapokwama.

4. Kilimo, biashara na amali. Hapa, Mheshimiwa, utuwie radhi tukisema kwa urefu, maana ndipo panapotuuma zaidi.

Sisi ni watu wa miteremko. Babu zetu walipoona mvua inawabebea udongo, walibuni ngolo: nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, zinafukiwa kwa udongo, na katikati linabaki shimo la kukamata maji. Mwezi wa tatu tunapanda maharage juu ya matuta yake, na msimu unaofuata mahindi. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja Mbinga kuichunguza ngolo. Wakapima udongo, wakawahoji wazee, wakaandika vitabu. Mtoto wa Mbuji anaweza kumaliza kidato cha nne bila swali hata moja kuhusu shimo alilokulia kando yake. Na ndani ya shimo hilo mna Jiografia ya mmomonyoko, Kemia ya mboji, Baiolojia ya mizizi ya maharage na Hisabati ya mteremko.

Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Kituo cha TaCRI cha utafiti wa kahawa kipo Ugano, ndani ya wilaya hii. Kiwanda cha kukoboa kahawa kipo Mbinga mjini. Watoto wetu wanachuma kahawa mbivu tangu wakiwa wadogo. Lakini muulize kijana wa kidato cha pili kwa nini kahawa iliyomenywa na kuoshwa vizuri hupata daraja la juu, au makato kwenye stakabadhi ya chama cha msingi yamepigwaje, hana jibu. Baba yake naye hana; anaweka dole gumba na kuondoka. Huko kutojua kunatugharimu fedha kila msimu.

Tunafahamu kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, na kwamba mtaala mpya umeanza kwa awamu tangu Januari 2024. Tunafahamu pia kuwa Elimu ya Biashara sasa ni somo la wote. Tulifurahi sana. Ila shule nyingi za kata bado zina mkondo wa jumla peke yake, na sisi tunasubiri. Wakati huohuo makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, lami imeshafika Mbamba Bay na bandari inajengwa ziwani. Kazi za umeme, uchomeleaji na mitambo zinapita mlangoni kwetu, zikiwatafuta vijana ambao hatujawaandaa.

Pamoja na hayo tuna hofu, na tunaisema wazi. Wazee wetu wanakumbuka elimu ya mkoloni, iliyompa Mwafrika bustani na useremala ili asivuke hapo. Hatutaki amali iwe fungu la mtoto wa mkulima na Fizikia iwe ya mtoto wa mjini. Mtoto wa miaka 13 hajafika umri wa kufungiwa mlango. Anayejifunza kupandikiza miche ya kahawa ajifunze pia hesabu na sayansi za kumfikisha chuo kikuu akitaka.

Tunaomba: Halmashauri ianzishe mkondo wa amali, hasa kilimo na ufundi umeme, katika sekondari mojawapo ya karibu nasi, wenye walimu na karakana, ukienda pamoja na sayansi zilizokamilika. Karakana ikichelewa, yafanyike makubaliano na TaCRI Ugano, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mbinga na vyama vyetu vya msingi, ili wanafunzi wa vidato vyote viwili wakajifunze huko kwa vitendo. Wazee wetu wa ngolo wako tayari kufundisha bila malipo.

5. Jembe limefanywa adhabu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe darasa. Leo aliyechelewa namba ya asubuhi anapelekwa kupalilia, na aliyeongea darasani anachimba shimo la taka. Mtoto anahitimu akiamini kwamba shamba ni mahali pa wakosaji. Kisha tunamlaumu akikimbilia mjini.

Tunaomba: kazi ya shamba isitumike tena kama adhabu. Shamba la shule liwe na mwalimu, daftari la mapato na matumizi, na mavuno yake yasomwe mbele ya wazazi.

6. Michezo, muziki na sanaa za mikono vimeliwa na masomo ya ziada. Kipindi kipo kwenye ratiba, lakini saa ikifika ni mazoezi ya mtihani. Kijana mwenye mguu wa mpira au sauti ya kwaya hana mahali pa kuonekana.

Tunaomba: vipindi hivyo viheshimiwe, na walau alasiri moja kwa wiki isiguswe.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tumevumilia kwa muda mrefu, tukiamini kwamba wenye elimu wanajua kuliko sisi. Bado tunawaheshimu walimu wetu. Wanafundisha katika mazingira magumu, na hakuna neno lolote hapa lililokusudiwa kuwadhalilisha. Yapo tunayofahamu kuwa yanaamuliwa Dodoma, na hayo tunaomba uyafikishe kwa niaba yetu. Lakini kikao cha kuchagua masomo, mpangilio wa walimu wa kidato cha kwanza, kukoma kwa adhabu ya jembe na alasiri ya michezo havihitaji bajeti wala kibali cha Wizara. Hayo tunaomba yaanze muhula ujao. Kwa yaliyobaki, tunaomba tupewe majibu ya maandishi kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata kabla wanafunzi wa kidato cha pili wa mwaka huu hawajapangiwa masomo yao.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wazazi na walezi wa Kata ya Mbuji.