Mbona Tunaosha Picha ya Mtu Akishakufa?

Mwaka jana tulizika nyanya yangu huko Nyamira. Usiku wa kuamkia siku ya kutoa mwili mochari, baba mdogo akanipigia simu. "Wewe si ndiwe mtu wa kamera? Tutumie picha ya magokoro, ile ya kuwekwa mbele ya jeneza."

Niko na picha zaidi ya elfu kumi na moja kwa simu. Nilikaa kitandani nikapekua mpaka saa nane usiku. Nikapata chai yake. Nikapata mikono yake ikichambua chinsaga. Nikapata kuku wake, kwa pozi tofauti. Nikapata video moja nikicheza densi na yeye yuko nyuma ananishangaa. Lakini uso wake, yeye peke yake, ametulia na anaangalia kamera? Zii.

Tukaishia kuchukua picha ya harusi ya binamu yangu, iliyokuwa kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Nyanya alikuwa mstari wa tatu, nusu ya bega limefichwa na kofia ya mtu. Duka moja la tauni likakata hicho kichwa, likakivuta mpaka kikawa saizi ya bango, likaweka fremu ya dhahabu. Siku ya mazishi mzee mmoja alisimama mbele ya hiyo fremu, akavaa miwani, akaivua, halafu akauliza huyu ni nani.

Na hapo hapo ndani, ukutani kwa sebule, kulikuwa na picha ya babu. Nyeusi na nyeupe, ilipigwa studio Kisii kabla baba yangu azaliwe. Unaweza kuhesabu vifungo vya koti lake. Babu hakuwahi kumiliki simu hata ya kabambe. Sasa niambie, kati yake na mimi ni nani ako na teknolojia?

Mimi nasema hivi, na ukikasirika ni sawa: sisi ndio kizazi kilichopiga picha nyingi zaidi na tutakaoacha picha chache zaidi. Enda matanga yoyote kuanzia Suneka mpaka Kebirigo uangalie hiyo picha ya mbele. Mara nyingi utaona miraba miraba mahali pa macho. Ati tunaheshimu wazee. Mtu anaishi miaka themanini bila mjukuu hata mmoja kumuoshea picha, halafu akifa ndiyo tunakimbizana usiku na flashi.

Najua utasema ni makosa ya wenye maduka. Kidogo ni yao, na nitawafikia. Lakini hebu tuelewane kuhusu hesabu kwanza, juu hakuna mtu alitufunza hii kitu shuleni.

Picha nzuri ya karatasi inataka karibu pikseli 300 kwa kila inchi. Ile saizi ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800. Simu ya megapikseli 12 inatoa kama 4,000 kwa 3,000, yaani inatosha hata ukurasa wa A4 na chenji inabaki. Shida inaanza ukituma. WhatsApp ikituma kwa ubora wa kawaida inaipunguza mpaka kama pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Kwa skrini hutaona tofauti. Sasa chukua hiyo, kata kichwa kimoja kutoka kwa watu arobaini, uko na pikseli ngapi? Mia moja na kitu. Halafu unataka bango. Hata malaika hawezi.

Kuna kitufe cha HD kilichoongezwa 2023, na kinasaidia, lakini njia safi ni kutuma picha kama dokumenti, ama kuipakia moja kwa moja kwa tovuti ya wachapishaji. Picha thelathini za megabaiti 4 ni MB 120. Wewe hukula hizo kwa video za paka kabla ya kuamka.

Sasa wenye biashara. Desemba niliamua kuagiza picha ishirini mtandaoni kutoka kwa watu fulani wa Nairobi. Nikalipa, zikaletwa na gari mpaka Kisii, nikafungua bahasha nikiwa stejini. Picha tatu, watu wamekatwa vichwa. Karibu zote ni giza, kama zilipigwa blakauti. Nilikuwa tayari kuwaanika.

Halafu nikauliza watu wanaojua, na nusu ya makosa ilikuwa yangu. Kamera ya simu inapiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni ndefu zaidi, uwiano wake ni 3 kwa 2. Lazima kitu kikatwe, na kama wewe hujaamua ni nini, mashine inaamua, na mashine haijui shangazi. Giza nayo ni kwa sababu skrini yangu huwa imewashwa mpaka mwisho. Karatasi haina taa ndani. Ongeza mwanga kidogo kabla ya kutuma.

Nusu ya pili ni yao, na hapo sitawasamehe. Mojawapo ya zile picha nilizopakia ilikuwa kitu kidogo nilichokitoa kwa status ya mtu. Hawakusema neno. Mfumo unaojua kunikatalia M-Pesa yangu ikipungua shilingi moja, unashindwa aje kuniambia picha imepungukiwa na pikseli? Kukataa kazi mbaya ni sehemu ya kazi. Na wale wa tauni wanaochapa kwa karatasi ya kawaida na wino wa bei rahisi, halafu picha inageuka rangi ukutani kabla mwaka uishe, mko kwa hii sentensi pia. Ukienda kwa mtu, awe mtandaoni ama karibu na Daraja Mbili, omba uone karatasi. Agiza picha moja ya kujaribu kwanza. Asiyekuuliza faili ya asili, ondoka.

"Lakini si ziko Google?" Ziko, mpaka zisiwepo. Ile nafasi ya bure isiyo na kikomo kwa Google Photos iliisha Juni 2021, sasa ni GB 15 zinazogawanwa na barua pepe zako zote. Na akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa. Sasa fikiria simu ya mtu aliyefariki. Nani anajua paswadi yake?

"Sina pesa." Picha moja ya 4 kwa 6 niliyoosha mwezi jana hapa Kisii ilikuwa bei ya smokie mbili. Sijasema uoshe elfu kumi na moja. Osha kumi kwa mwaka, za watu, si za sahani. Andika majina nyuma na penseli. Ukiweka kwa fremu usiache ishikane na kioo, na hii mvua yetu itagandia hapo uje uibandue na ngozi ya uso.

Jumapili naenda Keroka kwa dada yake nyanya, ndiye amebaki. Nimempigia nikamwambia nakuja kumpiga picha ya fremu. Amenyamaza kidogo, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, magokoro, ni yako tu. Amesema basi nisije mapema, mpaka apate mtu wa kumpigia pasi nguo ya Sabato.