Mkongwe Hatwikwi Mzigo

Imekita miongoni mwa wapenda safari za mbali itikadi moja ambayo kila mwaka, mvua zinapokatika mwezi wa Aprili na njia za Luapula, kaskazini mwa Zambia, zinapoanza kukauka, huonekana ikipita Nchelenge kwa magurudumu yake yenyewe. Itikadi hiyo yasema kwamba gari kongwe liendeshwalo kwa magurudumu yote manne, Land Rover au Land Cruiser iliyokwisha kufanya kazi miaka ishirini, thelathini au zaidi, hutayarishwa kwa safari ndefu ya porini kwa kuongezewa vitu: keria ya chuma juu ya paa, hema juu ya keria, madumu ya dizeli kando ya hema, winchi na ngao mbele, tairi kubwa kupita zile za asili chini, na bomba refu la kuvutia hewa lililopandishwa ubavuni mpaka usawa wa paa. Gari likishavikwa hivyo mwenyewe hulizunguka kwa fahari, na watazamaji husadiki kwamba chombo ki tayari. Mimi nasema kwamba aghalabu gari hilo ndiyo kwanza limeharibiwa, na kwamba fedha na siku zilizotumika kulivika zimeporwa kutoka katika vitu vidogo visivyoonekana ambavyo salama ya safari yote huvitegemea.

Njia ninayoikusudia inajulikana. Kutoka Mansa kwa Mwense na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, lami humfikisha msafiri Nchelenge na Kashikishi kwa raha, na raha hiyo ndiyo humghuri. Maana akiuacha nyuma ufuko wa Ziwa Mweru, akapita Chiengi, akashika upande wa Kaputa kando ya Mweru Wantipa kuelekea Nsumbu kwenye Ziwa Tanganyika, hukutana na mchanga, na mawe, na mabonde ya majani yashikayo maji muda mrefu baada ya mvua kwisha, na masafa ya udongo mgumu ambao magurudumu ya malori yameuchonga vijituta vya mfululizo, vitikisavyo gari asubuhi hata jioni pasipo kulipa nafasi ya kupumua. Huko gari kongwe hupigwa na maadui wawili, uzito na umri, na kile kiitwacho matayarisho humwongezea nguvu adui wa kwanza na kumsahau kabisa wa pili.

Tuuhesabu uzito kwanza, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi kuliko mzigo wenyewe. Keria ya chuma haipungui sana kilo 60. Hema la juu ya paa ni kadiri hiyo hiyo. Dumu la lita 20 likijazwa dizeli hukaribia kilo 20, na madumu manne ni 80. Gurudumu moja la akiba na rimu yake ya chuma ni kama kilo 40. Jumla ni kilo 240, yaani watu wazima watatu walioketi juu ya paa, mahali ambapo kila kilo huliinamisha gari pindi lipitapo ubavuni mwa mteremko, na kabla hatujahesabu maji, chakula, zana, abiria na vyuma vilivyofungwa mbele. Mzigo huo haukai kimya. Kwenye vile vijituta hurushwa na kushuka mara nyingi kwa kila dakika, na nguvu ya kuuzuia hutoka kwenye shokapu, ambazo oili yake huchemka hata zikaacha kufanya kazi. Shokapu zikishakufa springi hupokea kazi isiyo yake, jani la juu likakatika. Na penye chesesi iliyokwisha kuliwa na kutu, ufa huanzia palepale fundi alipochomelea kishikizo cha kifaa kipya. Mwenye gari husema barabara imemvunjia chombo. Barabara ilikuwapo kabla yake, nayo ilimpa kila mtu kipimo kile kile.

Wazee wa pwani waliolifikia Ziwa Mweru kwa miguu hawakuwa na ghururi hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Tabora ikaingia nchi ya Itawa, ambako Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alimshinda mtawala wake Nsama mwaka 1867, na ile ambayo David Livingstone alifuatana nayo sehemu ya njia hata akaufikia Mweru mwezi wa Novemba mwaka ule ule, ilisafiri kwa mizani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili au pungufu kidogo, na frasila ni ratili 35, kama kilo 16. Aliyejua kwamba mwendo ni wa miezi hakumtwika mtu frasila nne kwa sababu tu kitu kile huenda kikahitajiwa. Kila kitambaa, kila koili ya waya na kila pishi ya chakula ilibidi ishinde haki yake ya kubebwa. Watu hao walikuwa na makosa mengi mengine, tena makubwa, ambayo historia haikuyaficha. Lakini juu ya uzito walikuwa na ilimu ambayo warithi wao wenye injini wameitupa.

Adui wa pili, umri, ni mnafiki kuliko uzito, kwa sababu hauhesabiwi na saa ya mwendo iliyo mbele ya dereva. Mtu hununua gari la miaka thelathini, akasoma kwamba limetembea kilomita chache kwa kuwa lilikaa sana bandani, akamshukuru Mungu kwa bahati yake. Ilhali mpira hauzijui kilomita. Mipira ya rejeta, bushi za springi, sili za habu na za difu, mikanda, na vikombe vidogo vya mpira vilivyomo ndani ya silinda za breki, vyote hukauka, hugumika na kupasuka kwa hewa, joto na miaka, gari likitembea au likilala. Tairi huandikwa ubavuni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa kwake, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivi kwamba 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na tairi iliyopita miaka kumi, hata ikiwa na meno yote, haifai kuaminiwa chini ya gari lililojaa penye mawe ya moto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakishakuwa na maji huchemka mapema. Basi kwenye mteremko kama ule wa kutoka Kawambwa kushukia bonde la Luapula kwa upande wa Mbereshi, gari lenye kilo 240 paani na mafuta ya breki ya miaka kumi laweza kumwonyesha dereva kanyagio lizamalo hadi sakafuni. Taa nne mpya juu ya ngao hazitamsaidia chochote ila kuona vizuri anakokwenda kugonga.

Injini ya dizeli ya Land Cruiser ijulikanayo kwa jina la 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, iliyoanza kutumika mwaka 1990 na kuheshimiwa Afrika nzima kwa uvumilivu wake, ina mkanda wa taimingi wa mpira ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000; na kama gari limebadilishwa mikono mara tano na hakuna mwenye hati ya kuthibitisha kwamba mkanda ulibadilishwa, basi hesabu ya busara ni kuuhesabu kuwa haukubadilishwa. Ukikatika, vali hukutana na pistoni, na safari hukoma hapo. Thamani ya mkanda huo pamoja na beringi yake ya kukazia ni sehemu ndogo tu ya thamani ya hema la paani. Nimewaona wenye hema wasioijua tarehe ya mkanda, na sikuweza kulitazama jambo hilo kwa utulivu.

Lakini hakuna mahali itikadi hii inapojifichua uwongo wake kama katika habari ya maji. Bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka paani humfanya mtu aamini kwamba gari lake sasa ni la kuvukia mito, na kweli huilinda injini isimeze maji yakifika juu ya boneti, tukio ambalo msafiri mwenye akili hukaa mwaka mzima bila kulihitaji. Ilhali maji yanayofika kwenye habu na difu tu, yale ya goti ambayo kila bonde lenye majani kati ya Chiengi na Kaputa laweza kuwa nayo, huingia kwa njia nyingine. Habu na difu hupata joto kwa mwendo. Zikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na ikinywea huvuta. Kama tundu la kupumulia la difu limezibwa na tope, au kipira chake kimekatika kikaishia chini, maji huvutwa kupita kwenye sili kuukuu, yakachanganyika na oili mpaka ikawa nyeupe mithili ya maziwa; na beringi zikizunguka ndani ya mchanganyiko huo siku mbili tatu, huanza kulia, kisha hukwama. Tiba yake ni mpira mwembamba wa mita chache uliounganishwa kwenye tundu lile na kupandishwa juu ndani ya boneti, pamoja na sili mpya, na desturi ya kusimama kabla ya mto ili vyuma vipoe. Tiba hiyo haionekani kwa mpita njia, na nadhani ndiyo sababu haina wapenzi.

Wako watakaonijibu kwamba winchi huokoa. Huokoa penye kitu cha kuifungia. Kwenye uwanda wa mafunjo na majani ulio pembezoni mwa Mweru msafiri hutazama pande zote asione mti wa kuustahimili mvuto wa gari lililozama, na uzito wa winchi na ngao yake, uliotundikwa mbele kabisa ya ekseli, ndio uliozamisha magurudumu ya mbele kwanza. Koleo, mbao mbili imara, na pampu ya kumwezesha kupunguza upepo wa tairi na kuujaza tena, ni vyepesi, na huondoa haja ya winchi mara nyingi kuliko winchi iondoavyo taabu.

Wengine, ambao nawaheshimu zaidi, watasema kwamba fadhila ya gari kongwe ni kule kutengenezeka kwake popote. Hoja hiyo ni kweli nusu yake. Mafundi wa Kashikishi wachomelea chuma, hutengeneza jani la springi, huziba tyubu ya tairi 7.50 ya inchi 16 kwa zana za mkono, na wana sikio la injini ambalo gereji nyingi za mjini zimelipoteza. Walakini hakuna fundi duniani awezaye kufua sili ya mpira au kutengeneza beringi kwa nyundo, na Lusaka iko kama kilomita 1,000 kutoka Nchelenge. Kwa hiyo fadhila ya ukongwe huwa fadhila pale tu mwenye gari alipobeba vile visivyofulika: sili za habu zote, beringi za gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, mikanda, mipira ya rejeta ya juu na ya chini, filta za dizeli si moja bali kadhaa, kwa sababu tangi la miaka thelathini lina tope lake chini, ambalo mtikiso wa njia utalikoroga lote. Vyote hivyo vyaingia katika sanduku dogo, na uzito wake haufikii dumu moja la dizeli.

Nitaelekezwa pia kwenye malori makuukuu ya wafanyabiashara wa samaki wakavu, yaondokayo Kashikishi yamejaa magunia ya chisense, dagaa wa ziwa hili, mpaka yakalala upande. Ni kweli, nao huzidisha mzigo kuliko mtalii yeyote. Lakini dereva wa lori lile hupita njia ile ile kila juma, huisikia beringi inapoanza kubadili sauti, huenda mwendo wa mtu anayejua gharama ya jani la springi, na kila kilo aliyobeba itamrudishia fedha. Mgeni hana hata moja katika hayo.

Na anayedhani kwamba haya ni mashaka ya maskini na aitazame habari ya Range Rover mbili zilizopelekwa na msafara wa Waingereza kuvuka msitu wa Darien kati ya Panama na Kolombia mwaka 1972. Zilikuwa mpya, zenye kila kifaa, na zilivishwa tairi kubwa za matope na kupakiwa sana. Difu zake zikavunjika moja baada ya nyingine, mpaka ikabidi msafara usimame kungoja msaada wa mtengenezaji, na Land Rover ya zamani iliyonunuliwa hukohuko ikatangulizwa kutafuta njia. Tairi kubwa ni mkono mrefu zaidi wa kuivunjia difu meno. Na kilichovunja chuma kipya hakitakisamehe kikongwe.

Basi mwenye gari la umri huo, akiwa na miezi sita na kiasi cha fedha, aanze chini ya gari, afungue kila habu, abadilishe kila kitu cha mpira ambacho tarehe yake haijulikani, asafishe tangi, amwage na kujaza upya oili na mafuta ya breki, apime springi na shokapu kwa mzigo atakaobeba kweli. Kisha alipakie lote, alifikishe kwenye mizani kama ile ya Kapiri Mposhi ipimayo malori, asome tarakimu, ailinganishe na kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, na avue vitu mpaka tarakimu ikubali. Baada ya hapo alitembeze kilomita mia kadhaa karibu na nyumbani penye njia mbaya, arudi, akaze kila nati, atafute kila mvujo. Fedha ikibaki, na anunue taa.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu hasara ya gari lililokwama kati ya Kaputa na Nsumbu haimwangukii mwenyewe peke yake. Watu wa kijiji kilicho karibu huacha mashamba yao kusukuma na kuchimba, fundi hutumwa kwa baiskeli, chakula cha wenyeji hugawanywa kwa wageni waliokuja na chakula chao kikiwa kimefungiwa paani pasipofikika, na kipuri huagizwa Lusaka kwa basi, kikachukua juma zima. Wenyeji hufanya hivyo kwa ukarimu usiodai malipo, na mgeni huusimulia ukarimu huo kwao kana kwamba ulikuwa sehemu ya burudani, akisahau kwamba sili moja ya habu, iliyobadilishwa kabla ya kuondoka, ingaliwaachia watu wale siku zao za kulima.