Kinywa Hakitaki Haraka

Miaka mingi imepita tangu nilipoondoka katika madarasa ya shule hii, na leo sikuja kusimulia habari za mpira wala za mabweni ya zamani. Nataka kusema juu ya meno. Najua wengine mtacheka, lakini someni mpaka mwisho, maana jambo hili limeniumiza nyumbani mwangu, na kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe.

Mimi nakaa Bukoto, hapa Kampala, si mbali na njia iendayo Kisaasi. Mtaani kwetu zipo kliniki za meno, na kijana mwenye waya menoni si jambo la kushangaza tena. Jirani yangu mmoja husema kwamba hayo ni majivuno tu, na kwamba babu zetu waliishi na meno waliyopewa na Mungu. Maneno yake yana ukweli kidogo. Mwanya kati ya meno ya mbele kwetu ni uzuri, na mtu akiniambia niuzibe mwanya wa mke wangu nitamfukuza mlangoni. Lakini yapo meno yaliyopinda yenyewe, na yapo yaliyopindishwa na mikono ya watu. Meno ya binti yangu yalikuwa ya namna hii ya pili.

Alipokuwa mtoto wa miezi saba alishikwa na homa na kuhara. Wazee wakamfunua kinywa, wakaona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali pa meno ya chonge, wakasema, “Hii ni ebiino.” Wenzetu wa Tanzania huliita jambo hilo meno ya plastiki. Husemwa kwamba ni meno mabaya, na yasipotolewa mtoto hufa. Mimi niliyesoma sayansi katika shule hii nilinyamaza. Nilitaka homa iondoke usiku ule ule. Akaletwa mama mmoja na ncha ya spoki ya baiskeli, akachimbua ufizi wa chini pande zote mbili.

Kile alichokitoa kilikuwa jino changa la utoto, lisilokuwa gumu bado. Na karibu nalo, ndani ya taya, hukaa mbegu ya jino la ukubwani, ambalo hutoka mtoto afikapo miaka tisa au kumi hivi. Spoki haijui kuchagua kati ya hili na lile. Desturi hii haikufichika kwa wataalamu: mwaka 1969 Jens Jørgen Pindborg wa Denmark alichapisha habari zake kwa Waacholi, na baada yake madaktari wengine wameandika juu ya desturi hiyo katika sehemu nyingine za Uganda na katika nchi jirani. Wapo watoto waliokufa kwa kutoka damu, au kwa pepopunda, au kwa vijidudu vilivyoingia katika damu. Binti yangu alipona, kwani homa nyingi za watoto hupona, nasi tukamsifu yule mama.

Miaka ikapita. Chonge ya kulia ya chini haikutoka kabisa, na ya kushoto ilitoka imepinda na ganda lake limeharibika. Meno ya jirani yakaegemea pengo la kulia, kama watu waketio juu ya benchi mmoja wao anapoondoka. Katikati ya meno ya chini hapakulingana tena na katikati ya meno ya juu. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliacha kucheka bila kuweka mkono mdomoni. Hapo nikampeleka kliniki moja afungwe waya.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba waya huvuta jino kama mtu avutavyo mti kwa kamba. Daktari hupiga picha ya eksirei, hutengeneza kielelezo cha meno yote, hupima. Kisha hugandisha kifungo kidogo juu ya kila jino, na kupitisha waya mwembamba katika vifungo hivyo. Waya hulisukuma jino polepole. Upande unaosukumwa, mfupa wa taya huliwa na chembe za mwili wenyewe. Upande unaoachwa nyuma, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino hutembea kama mtu ahamaye nyumba, anabomoa mbele na kujenga nyuma. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Nguvu ikizidi, jino halifiki upesi zaidi; huweza kukwama, na mzizi wake kuliwa. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kila baada ya wiki nne mpaka nane, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, au miwili, au zaidi. Na waya ukiisha kutolewa, lazima avae kishikizi, kwa sababu meno hupenda kurudi kwao.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika juu ya utepe wa madini uliofungwa menoni kwa nyuzi ili uyanyooshe. Mwaka 1900 Edward Angle wa Marekani alifungua mjini St. Louis shule ya kazi hii peke yake. Vyombo vimebadilika sana tangu siku zao, lakini mfupa haukubadilika.

Sasa nirudi kwenye kosa langu la pili. Kliniki ile iliniambia bei ya kufunga waya, nami nikalipa. Sikuuliza bei ya miezi iliyofuata, wala wao hawakunieleza. Kila tulipokwenda palikuwa na malipo. Karo ya ndugu zake ilipofika, nikasema, “Mwezi huu tupumzike.” Mwezi ukawa miwili. Niliona haya kwenda mikono mitupu, na kwa upande wao hakuna aliyetuita. Miezi saba mtoto alikaa na waya mdomoni bila kutazamwa. Vifungo viwili viling'oka, waya ukamchoma shavu, na kwa kuwa ilimwuma kupiga mswaki, uchafu ukakaa pale pale. Vifungo vilipotolewa, madoa meupe yalikuwa yamebaki juu ya meno, ambayo ni mwanzo wa kuoza.

Daktari wa pili, kijana aliyekuwa na kliniki ndogo, alifanya jambo ambalo sikuliona mahali pengine. Kabla ya kugusa jino alichukua karatasi, akaandika bei yote tangu mwanzo hata kishikizi, akaigawa kwa miezi, akaandika siku za kuja. Nakala moja akanipa mimi, moja akaitia katika jalada la mtoto. Kisha akasema, “Mzee, ukikosa fedha, njoo hivyo hivyo. Fedha nitakudai wewe. Usiniletee deni katika kinywa cha mtoto.” Mara mbili nilikwenda sina kitu, na mara mbili alimtazama. Deni nililimaliza. Meno yalisimama, na pengo la chonge likatiwa jino la bandia.

Basi maoni yangu ni haya. Watu husifu waya na gundi na mashine, lakini kinachonyoosha meno ni miadi inayotimizwa. Kliniki isiyoandika bei yote, isiyotunza majalada, isiyomtafuta mgonjwa aliyepotea, haijaijua kazi yake hata ikiwa na vyombo vya Ulaya. Na mzazi asiyeuliza mwisho wa safari kabla ya kupanda gari asilaumu dereva peke yake.

Ninyi wanafunzi mnaotamani waya kwa sababu rafiki anao, ulizeni kwanza kama mna haja nao. Kama mnao tayari, pigeni mswaki kila baada ya kula, na msikose miadi hata moja. Nanyi wanafunzi wa zamani mliosomea udaktari wa meno, pengine pale Makerere ambako masomo hayo yalianza mwaka 1982, nawaombeni mambo mawili. Andikeni bei yote siku ya kwanza, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Na mgonjwa asipofika, mtu mmoja katika kliniki awe na kazi ya kumpigia simu, hata kama anadaiwa. Waya ulioachwa ni mbaya kuliko meno yaliyopinda. Najua kliniki haiendeshwi kwa huruma, kwani kodi ya nyumba na mishahara havingoji. Lakini mimi nimewapelekea wagonjwa watano yule kijana aliyenipokea mikono mitupu, na kwa wale wa kwanza sikumpeleka hata mmoja.

Mwaka jana binti yangu naye alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto akashikwa na homa na kuhara. Shangazi mmoja akamfunua kinywa, akatazama ufizi, akaanza kusema. Safari hii sikunyamaza. Tulikwenda kituo cha afya usiku ule ule. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria, akapewa dawa, na maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya kuhara. Leo anatambaa hapa Bukoto, na mahali pa chonge hapajaguswa na mtu. Tunangoja zitoke kwa wakati wake.