Mionzi ya uvimbe wa mshipa wa jicho: uliza kwanza

Mzazi akiambiwa mwanawe ana uvimbe kwenye mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, mara nyingi huuliza: "Daktari, mionzi anaanza lini?" Wengine wakisikia neno mionzi hawarudi tena hospitali. Kwa maoni yangu, wote waanze na swali jingine: uvimbe huu ni wa aina gani, na mgonjwa ana umri gani?

Kwa watoto, uvimbe unaoonekana zaidi hapo ni glioma. Mara nyingi hukua taratibu, na wakati mwingine husimama wenyewe. Baadhi ya watoto hao wana ugonjwa wa kinasaba uitwao neurofibromatosi aina ya 1. Mkague mwanao: madoa 6 au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa mwilini, mweleze daktari. Kwa watoto hawa mionzi huongeza hatari ya uvimbe mwingine baadaye, na ya mishipa ya damu ya ubongo kusinyaa hadi kuleta kiharusi. Kwa mtoto yeyote mdogo, inaweza kugusa homoni, ukuaji na uwezo wa kujifunza. Ndiyo maana, uoni ukiwa imara, huwa tunamfuatilia kwa vipimo. Ukianza kushuka, kwa kawaida tunaanza na kemotherapi. Mionzi tunaiweka akiba.

Kwa mtu mzima, hasa mwanamke wa makamo, mambo hugeuka. Uvimbe wa ala inayozunguka mshipa huo, meninjioma, ukikatwa kwa upasuaji unaweza kuondoka na damu inayolisha mshipa, jicho likapofuka. Hapo mionzi ndiyo mlinzi wa uoni. Hutolewa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa karibu wiki 6. Kuikimbia ni kulitoa jicho sadaka.

Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo: uoni uliopotea mara nyingi haurudi. Jicho likitokeza, kengeza jipya likianza au mtoto akiwa anasogelea mno daftari, nenda ukapimwe mapema.

Na kabla ya kusaini fomu ya tiba, uliza: Kuna tiba nyingine ya kuanza nayo? Tukisubiri miezi 3, tutapoteza nini? Uoni na homoni vitapimwa lini? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.