Warudi na ufundi, si bukta tu



Kila vijana wanapoitwa JKT, sisi mafundi cherehani tuliotoka Unguja kutafuta riziki huku Mbeya hupata kazi ya ghafla: bukta. Tangazo limeshaeleza kila kitu, bluu iliyokolea, mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, iishie magotini, zipu hakuna. Mama anakuja na binti, tunapima, na maneno yanaanzia hapo. Aliyepangiwa Itende ya hapa hapa Mbeya ana nafuu. Wa Mafinga, kule Iringa, mama yake huulizia sweta kabla ya bukta, na hana kosa. Ile baridi tunaijua.

Wengine hunong'ona: mtoto wa Kiislamu na bukta ya magotini? Suali la haki. Liulizwe kambini mapema, lisiwe sababu ya kumficha mtoto ndani. Kwa waliomaliza kidato cha sita ni sheria, utaratibu uliosimama 1994 ukarudi 2013.

Sisi linalotuuma ni jengine. Wale wanaokwenda kwa kujitolea, miaka miwili, mama zao wote wana neno moja: "Akitoka ataajiriwa." Jamani, tangazo lenyewe husema wazi kuwa JKT haitoi ajira, inamfunza kijana ajiajiri. Wapo wanaochukuliwa na majeshi, hatukatai. Lakini si wote, na anayebaki anarudi kwa mama.

Alikuja mmoja kibandani kwetu kuomba kazi, katoka kambini, kambi gani hatusemi. Adabu anayo, kuamka alfajiri hakumshindi, gwaride usiseme. Tukampa kitambaa akate mkono wa shati. Akatutazama tu. Miaka miwili alikuwa akingoja jina lake lisomwe, cherehani hakuisogelea.

Tangu 1963 jeshi hili limekuwa la kazi za mikono. Vijana wake ndio waliojenga ule ukuta wa Mirerani, kilomita 24 na zaidi. Wanalima, wanafuga, wanajenga, wanashona. Basi mama, kabla hujalipa nauli, kaa na binti yako mkubaliane atashika kazi gani huko, na kila akipiga simu muulize kafika wapi, kama unavyomuuliza kala nini.

Akichagua kushona, aje kwetu akitoka. Nafasi mbili zipo, ila mkono wa shati tutamkatisha.