Kugusa mpira kwanza si kinga

JICHO LA PEMBENI
Na Yohana Kitundu

Nenda kwenye ndondo yoyote mkoani Singida, iwe Kiomboi, Ikungi au Manyoni, utasikia kelele hii: "Kagusa mpira kwanza, refa!" Beki kajirusha na miguu miwili, njumu juu. Mpira umetoka nje, mshambuliaji yuko chini kashika ugoko, na mashabiki wanashangilia. Refa, anayejua kwamba jioni atarudi kwao kwa njia ileile wanayopita mashabiki hao, anaonyesha mpira urushwe.

Utetezi huo hauna mashiko. Sheria namba 12 ya soka inapima namna mchezaji alivyomwendea mwenzake. Akikaba kizembe, ni faulo tu. Akikaba bila kujali hatari, anapewa kadi ya njano. Akitumia nguvu kupita kiasi au akihatarisha usalama wa mwenzake, ni nyekundu. Hakuna mstari unaosema aliyeugusa mpira kasamehewa. Zamani sheria ilitaja kosa la kumgusa mpinzani kabla ya mpira. Maneno hayo yalifutwa, ila vijiweni bado yanaishi.

Na uwanja wetu unazidisha balaa. Penye nyasi, beki huteleza chini kwa paja. Kwenye ardhi ya Singida wakati wa kiangazi, kavu na yenye changarawe, ukiteleza unaacha ngozi. Kwa hiyo beki wa mchangani hatelezi, anaruka, na anatua na njumu kwenye mguu wa mwenzake. Vijana wanaiga wanachokiona kwenye runinga bila kuwa na nyasi za kwenye runinga.

Soka la wakubwa nalo lilijifunza kwa maumivu. Septemba 24, 1983, Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimvunja Diego Maradona kifundo cha mguu. Marco van Basten, aliyekwatuliwa miaka nenda rudi, alistaafu mwaka 1995 akiwa na miaka 30 kwa sababu ya kifundo chake cha mguu. Kuelekea Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, ikaagizwa kwamba anayemkwatua mwenzake kwa nyuma na kumhatarisha atoke nje kwa nyekundu.

Maradona na Van Basten walikuwa na madaktari bingwa. Kijana wa Mkalama, huku kwetu Singida, akivunjika anapakiwa kwenye bodaboda, mguu ukining'inia, hadi zahanati isiyo na mashine ya eksirei. Wengine huishia kwa muunga mifupa wa kijijini. Mvua zikianza, wenzake wako shambani wanapanda alizeti, yeye yuko kitandani, na kombe lenyewe lilikuwa la mbuzi mmoja.

Naipenda rafu kidogo, sikatai. Soka bila kukabana ni mazoezi ya viungo. Lakini beki hodari humnyang'anya mtu mpira akabaki amesimama. Anayelala kila dakika kachelewa kusoma mchezo.

Ombi langu kwa madiwani, wabunge na wote wanaoandaa makombe ya kiangazi: kabla ya kununua ng'ombe wa bingwa, nunueni vilinda ugoko. Sheria namba 4 inavitaka, asiyevivaa asicheze. Na refa akitoa nyekundu, mlindeni mpaka afike kwake.